Shukrani Iliyotangulia

Watu wa San Lázaro wanasema komadre wangu Domitila alijiletea msiba mwenyewe, kwa kumshukuru Bikira kabla ya kupewa. Watu! Watu wa mji huu wakikosa la kusema hukohoa, ili mradi wasikike. Mimi nilikuwepo. Naitwa Refugio, Cuca kwa wanaonijua, na ni mlinzi wa chumba cha vibati kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Mkoa, katika lile jumba la mwenye migodi juu ya uwanja. Nitasema nilivyoona, na anayetaka kukohoa akohoe.

Domitila ni komadre wangu kwa sababu mwanawe, Leobardo, nilimsimamia ubatizo. Ukishamshika mtoto juu ya maji yale, wewe na mama yake ni ndugu mpaka kaburini, na undugu huo hauna talaka. Leobardo alikuwa kitoto kizito kama mfuko wa mahindi, na siku ile alinikojolea gauni la kuazima mbele ya padri. Alipokua akawa fundi rangi wa majumba, mrefu, mdomo haumfungiki. Alikuwa akipita makumbusho mchana akiwa na ndoo zake, ananichungulia mlangoni. "Madrina," ananiambia, yaani mama wa ubatizo, "umekaa kwenye kiti hicho miaka yote, wewe watakupa namba lini?" Maana kila kitu kinachoingia humu ndani hupewa namba nyekundu mgongoni. Namfukuza na ufagio, anakimbia akicheka, na ngazi za mawe zinavuma kicheko chake.

Sasa ni mwaka wa tano. Alipanda basi kwenda kupaka rangi hoteli moja huko barabara ya kaskazini. Basi lilifika, Leobardo hakufika. Mwanzo dereva alisema kuna watu wenye bunduki walilisimamisha na kuwashusha vijana. Baada ya wiki akasema hakuona kitu, alikuwa amesinzia. Dereva amesinzia! Tukaenda polisi, tukaambiwa labda ana mwanamke mahali. Domitila akamjibu yule polisi, "Mwanangu akiwa na mwanamke huwa ananiletea nguo zake nimfulie zinukie vizuri. Hajaleta nguo." Polisi akaandika. Hatujui aliandika nini, na hakuna kilichofuata.

Domitila akajiunga na wale kina mama wanaotafuta. Mmewaona, au mmesikia habari zao. Jumamosi wanavaa kofia pana na kwenda mashambani na nondo. Wanaichoma ardhi kwa nondo, wanaivuta taratibu, halafu wananusa ncha kama ina harufu ya maiti. Komadre wangu alikuwa mtu wa kutapika akinusa samaki wa jana, leo ananusa nondo. Na siku za maandamano wanatembea na picha za watoto vifuani wakipaza sauti: "Wazima waliwachukua, wazima tunawataka!" Sauti ya Domitila ndiyo ilikuwa inasikika kuliko zote. Alikuwa anauza tamale, ile mikate ya mahindi ya mvuke, asubuhi kwa miaka mingi, koo lake limezoea kuita.

Basi, hadithi ya kibati. Sisi tukitendewa jambo na Bikira wa Mteremko, tunamwendea mchoraji. Anakuchorea kwenye kipande cha bati msiba wako ulivyokuwa, Bikira yuko juu kwenye wingu lake, na chini maneno ya shukrani. Unakipeleka kanisani na kukitundika ili kila mtu aone kwamba Mama si bahili. Hivyo ndivyo walivyofanya bibi zetu. Unapewa, ndipo unashukuru. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini lazima deni liwepo kwanza.

Siku moja Domitila akaja kwangu, akakaa jikoni, hata kahawa hakuigusa.

"Komadre, nimemwomba vya kutosha," akasema. "Nimeupanda ule mteremko kwa magoti, ngozi yangu imebaki kwenye mawe. Mishumaa niliyowasha ingeuangaza mgodi. Kuomba kumeshindikana. Sasa nitamwaibisha."

"Nani?"

"Bikira. Nitamshukuru kabla. Nitaandika mbele za watu kwamba amenirudishia mwanangu. Atafanya nini? Si atajisikia vibaya, ataniletea?"

"Wee Domitila! Bikira si jirani aliyekuazima sufuria."

"Tofauti yao ni nini? Wote hawarudishi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaamua, na mwanamke wa ukoo wa Arriaga akishaamua, heri ubishane na ukuta, maana ukuta utachoka.

Mchoraji wa mwisho aliyebaki San Lázaro ni don Plácido. Ni mzee wa kofia ya majani, jicho moja limeingia ukungu, na anaishi nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Alimchorea vizuri, siwezi kusema uongo. Mlango wa nyumba ya Domitila ule ule wa kijani, Domitila mwenyewe amesimama na kitambaa cha kufunikia tortilla, chapati za mahindi, mkononi, na Leobardo anaingia kutoka nje amevaa jaketi la buluu, mguu mmoja ndani, mmoja bado barabarani. Bikira kule pembeni ameinua kidole. Na chini, kwa herufi za don Plácido zenye mikia: *Namshukuru Bikira wa Mteremko kwa kunirudishia mwanangu Leobardo, aliyepotea katika barabara ya kaskazini. Mama yake, Domitila Arriaga.*

Padri alikisoma, akamwita pembeni. Akamwambia kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba hawezi kutundika uongo mbele ya altare. "Akirudi, binti yangu, nitakitundika kwa mikono yangu." Domitila akakifunga kwenye shali lake, akashuka uwanjani, akapanda ngazi za jumba la mwenye migodi, akanikuta kwenye kiti changu.

"Ninyi mna vibati vingapi humu?" akaniuliza.

"Ukuta mzima. Huoni?"

"Na wote hawa walipewa?"

Nikatazama. Chumba changu kilikuwa ukumbi wa chakula wa matajiri wale, dari lake limechorwa malaika wanene waliovimba kwa unyevu. Kutani kuna vibati kutoka vijiji vyote vya mkoa. Mchimbaji aliyetolewa chini ya mwamba. Mwanamke aliyepata nguruwe wake baada ya nguruwe kuolewa, kama alivyoandika, na nguruwe wa kijiji cha pili. Mwingine anashukuru kwamba mumewe ameondoka na asirudi tena. Wote walipewa.

"Wote," nikasema.

"Basi kiweke katikati yao. Bikira anapopita kuwatazama watu wake, asiweze kututofautisha."

Nililia pale pale, na kulia kazini ni marufuku.

Mkurugenzi wetu, Berenice, ametoka mji mkuu. Ni msichana mwenye bidii, anapanda mwenyewe juu ya paa kuziba mvua akiwa na viatu vya ofisini, na hilo nalisema ili msidhani nitamsema vibaya tu. Alikisoma kibati cha Domitila mara mbili, akavua miwani. Alisema ni kazi ya maana kuliko vyote vilivyoingia katika jumba lile tangu afike. Wakampa Domitila karatasi asaini, wakakipa kibati namba nyekundu mgongoni, wakakitundika mahali penye mwanga. Pembeni wakabandika kadi ya maelezo. Nusu yake sikuielewa, na nusu niliyoielewa haikunipendeza.

Nina jambo langu kuhusu makumbusho, na ninalisema ingawa ndiyo yanayonilisha. Vitu vikiingia humu vinakaa kimya. Barakoa za wazee wa ngoma, ambazo zilikuwa zikivuja jasho la watu na harufu ya pombe ya mkwaju, sasa zimekaa kwenye kioo zinatazama tu. Sinia za rangi za kupakulia chakula cha harusi hazina hata chembe ya wali. Vinatunzwa, sikatai. Hakuna anayevidhuru, na hakuna anayevitumia. Lakini kibati cha komadre wangu kilikataa kukaa kimya. Watu walikuwa wanaingia wakicheka nguruwe aliyeolewa, wanasogea, wanafika kwa Leobardo, wanakisoma na kufurahi: "Tazama, huyu alirudi!" Watalii wakajipiga picha nacho. Nami nimekaa kwenye kiti changu, nimeuma meno. Niwaambie nini?

Jumapili wenyeji wanaingia bure, na kila Jumapili Domitila alikuja. Mishumaa hairuhusiwi, basi anasimama tu na kuzungumza na lile bati kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbusha mtu ahadi. "Haya, Mama. Watu wameshasoma. Mji mzima unajua umenipa. Unangoja nini?" Mwaka wa kwanza, wa pili, mwaka wa tatu ukaingia. Subira yavuta heri, wanasema. Sisi tulivuta na kuvuta.

Mvua za mwaka huu zikafunua kitu. Nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa, mbwa wa mchungaji alitoka na mfupa. Kina mama wakaenda na nondo zao. Walichokikuta huko sitakisimulia, maana hata wao hawasimulii, wanasema tu "kule kwenye tanuri" na kugeuza nyuso. Wataalamu wakaja na mahema meupe. Domitila akaitwa, akapitishwa pamba ndani ya shavu ili mate yake yalinganishwe na mifupa, akaambiwa asubiri simu. Vijana waliopotea barabara ile ni wengi, mama, usikate tamaa, wakamwambia.

Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida. Mimi nilikuwa nawazuia watoto wa shule walioletwa matembezini wasishike ukuta. Nikasikia ameguna, mguno wa mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Nikakimbilia kwake.

"Komadre, nini? Unaumwa?"

"Soma," akasema.

"Nimekisoma mara ngapi, Domitila?"

"Soma hapa. *Kwa kunirudishia mwanangu Leobardo.* Halafu?"

"*Aliyepotea.*"

"Kati hapo. Kati ya Leobardo na aliyepotea. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu!" Alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Sikusema mzima, Cuca. Sikusema mzima!"

Nilitaka kumwambia asiwe mjinga.

"Miaka yote hii nimepiga kelele barabarani," akasema, "wazima tunawataka, wazima tunawataka, mpaka sauti ikanikauka. Na kwake yeye, pale nilipoandika, nimesema anirudishie tu. Nirudishie! Mtu akikwambia mrudishie ng'ombe wake, ukamletea ngozi, si umerudisha?"

"Bikira anajua ulichokuwa unataka. Yeye ni mama."

"Don Plácido aliniuliza," akasema, kama hakunisikia. "Brashi iko mkononi. 'Niandike mzima, doña Domitila?' Nikamwambia hapana. Unajua kwa nini? Niliona nikiandika mzima, ni kama nakubali kwamba kuna kurudi kwa namna nyingine. Sikutaka hata wazo hilo lipite mlangoni kwangu. Nikalifungia neno nje. Mimi mwenyewe, Cuca!"

Watoto wa shule walikuwa wanatutazama. Mwalimu wao akawatoa.

"Sikiliza," Domitila akasema, na sasa alikuwa ametulia, na utulivu ule ndio ulinitisha zaidi. "Simu bado haijapigwa. Bado hawajasema ni nani. Neno moja tu. Don Plácido bado yuko hai. Aje aliongeze kabla hawajapiga."

Nikampeleka kwa Berenice siku ile ile. Alitukaribisha, akamtolea Domitila kiti chake mwenyewe, akasikiliza bila kukata maneno. Alipomaliza kusikiliza alikuwa mwekundu machoni.

"Doña Domitila, siwezi."

"Ni neno moja, binti."

"Kibati kile sasa ni mali ya mkoa. Kikishapewa namba hakiguswi, hata mimi sina ruhusa. Nikiruhusu neno moja leo, kesho familia ya yule mchimbaji itataka kumbadilisha suruali."

"Suruali!" nikaruka mimi. "Mkurugenzi, unaongea habari za suruali?"

"Cuca, tafadhali."

"Cuca nini? Mtoto yule nimemshika mimi juu ya maji! Ninyi mnakuja hapa mnachukua sala za watu mnazitia namba, halafu mwenye sala akitaka kuimalizia mnamwambia isiguswe?"

Akavua miwani. "Na nikiruhusu," akasema polepole, "majibu ya maabara hayabadilishwi na rangi. Mnalijua hilo. Naogopa atakuja kunichukia siku nyingine kwa kumkubalia jambo kama hili."

Alikuwa anasema kweli, na kwa ajili hiyo nilimchukia. Domitila hakubishana. Alisimama, akashukuru kwa kiti, akatoka. Huko kwenye varanda, karibu na chemchemi iliyokauka, akaniambia bila kunitazama, "Jumatatu mnafunga, si ndiyo?"

Jumatatu tunafunga. Kwenye jumba anabaki mlinzi mmoja na mfagizi, na mfagizi siku hiyo alikuwa na mtoto mgonjwa. Berenice alikuwa mji mkuu kuomba bati za paa. Kamera ya chumba changu ilikufa tangu mvua za mwaka juzi. Sikujiuliza mara mbili. Kuna watu watasema nilivunja sheria, na nawaambia ndiyo, nilivunja. Wakipenda nitawaonyesha na mahali nilipoivunjia.

Asubuhi nikawafungulia mlango wa nyuma, ule waliokuwa wakiingizia farasi. Don Plácido alikuja na kisanduku chake cha rangi na brashi ya manyoya matatu. Alikuwa anatetemeka, si kwa uoga, ni uzee. Nikampa kiti changu. Nikakishusha kibati, nikakiweka juu ya meza niliyoifunika shali, na jumba zima lilikuwa kimya, isipokuwa maji yaliyokuwa yakidondoka ndani ya ndoo huko chumba cha barakoa.

Don Plácido akakisogeza mpaka puani, upande wa jicho zima.

"Nafasi hakuna," akasema. "Itabidi niliandike juu ya mstari, dogo, na kimshale chini yake. Litaonekana limesahaulika."

"Si ndivyo lilivyo?" akasema Domitila. "Litaonekana lilivyo. Andika."

"Nyeusi au nyekundu?"

"Don Plácido, kwa jina la Mungu, andika!"

Mzee akachovya brashi. Akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili kitulie. Akaandika M. Ilimchukua muda mrefu. Akapumua, akachovya tena.

Ndipo simu ya Domitila ikalia.

Ile simu ina sauti kama redio ya kinyozi, kwa sababu masikio ya Domitila yamechoka kwa kelele za sokoni, na katika ukumbi wa mawe ikawa balaa. Ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni yake. Akaitoa, akaitazama namba. Nami nikaiona. Ilikuwa namba ya wale wa mahema.

"Usipokee," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Sipokei," akasema. Akaiweka mezani kando ya kibati, ikaendelea kulia na kujisogeza. "Maliza kwanza, don Plácido. Maliza."

"Mikono yangu, doña..."

"Maliza!"

Akaandika Z. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kofia. Simu ikanyamaza. Sote watatu tuliitazama, na mimi moyoni nikasema, Mama wa Mteremko, umeona, bado hatujaambiwa, bado una nafasi, mpe huyu mwanamke mwanawe, mimi nichukue hata leo. Nilisema kwa moyo wangu wote, na sijawahi kuomba hivyo tangu nizaliwe. Mzee akaandika I. Simu ikaanza tena kulia. Domitila aliikandamiza kwa kiganja kama mtu anayemziba mtoto mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka ila uso haukukunjamana hata kidogo. M nyingine. Mkia wa herufi ukamteleza mzee kidogo. Akalaani kwa sauti ya chini, akaendelea. Halafu A.

"Limeisha," akasema don Plácido, na brashi ikamwanguka.

Domitila akainama. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, tangu mwanzo: "Namshukuru Bikira wa Mteremko kwa kunirudishia mwanangu Leobardo mzima." Akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha akachukua simu, ambayo bado ilikuwa inalia, akaipokea.

"Bi Domitila Arriaga?" Sauti ya binti, tuliisikia wote.

"Ndiye mimi."

"Nakupigia kuhusu majibu, mama. Je, uko na mtu karibu yako?"

"Niko na watu. Sema."

"Yamelingana, mama. Ni yeye. Pole sana."

Maji yakadondoka kwenye ndoo kule. Nilimshika Domitila mabega, nikidhani ataanguka. Hakuanguka.

"Mzima?" akauliza.

"Samahani, mama?"

"Nakuuliza, binti. Ni mzima?"

Tukasikia karatasi zinafunuliwa. Yule binti hakuwa na kosa lolote, maskini, alikuwa kazini kwake na alijibu swali alilolisikia.

"Hapana, mama," akasema. "Si mzima. Tulichopata ni sehemu tu. Lakini wenzangu bado wanachimba, na zilizobaki zikipatikana tutakupigia tena."

"Ahsante," akasema Domitila, akakata simu.

Don Plácido alikuwa ameivua kofia na kuikumbatia kifuani. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, natukana, namtukana dereva, namtukana polisi, nawatukana wale waliofanya, na nikamtukana yule aliye juu ya wingu na kidole chake kile, kwa maneno ambayo sijawahi kumtamkia hata mlevi. Sijaenda kuyaungama, na siendi.

Domitila hakunisikiliza. Alikuwa anakitazama kibati. Halafu akakamata ncha ya aproni yake, akailowesha kwa ulimi kama mtu anayetaka kumfuta mtoto uso kabla ya misa, akaipitisha juu ya lile neno. Rangi ilikuwa mbichi. Ikatoka mara moja. Akarudia tena mpaka pakawa safi, kimshale nacho kikaondoka, ikabaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

"Domitila, unafanya nini?" nikasema. "Kiache! Au nikivunje, nakivunja sasa hivi, wanifukuze kazi!"

"Usikivunje," akasema. "Sasa ni kweli. Nilisema amenirudishia, na amenirudishia. Nilimshukuru mwenyewe, kwa kinywa changu, mji mzima ukisikia."

Akanisaidia kukirudisha ukutani. Alikinyoosha kidogo upande wa kushoto, maana alikuwa na jicho la kuona kitu kilichopinda. Tukasimama mbele yake, Leobardo akiwa na mguu mmoja ndani ya mlango.

"Cuca," akaniambia. "Sasa nitamvalisha nini?"

Nikachukua funguo, nikamshika don Plácido mkono kwenye ngazi, nikafunga.